Mmea ukilegea baada ya kuhamishwa, usikimbilie ndoo ya maji

(Haya ni mazungumzo niliyotoa kwenye mkutano wetu wa wapenda maua huku Ilemela, Mwanza. Wengi mliomba niyaweke kwa maandishi, kwa hiyo nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, na maswali ya mwishoni nimeyaacha humo humo.)

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za asubuhi. Nawashukuru sana kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza habari za mimea, maana najua kuna waliotoka Igoma, kuna waliotoka Buhongwa, na foleni ya daladala ya asubuhi mnaijua wenyewe.

Niende kwenye jambo lenyewe bila kuzunguka. Mmea wa ndani ukiutoa kwenye kiriba, ule mfuko wa kitaluni, au kwenye chungu cha zamani ukauweka kwenye kipya, mara nyingi utalegea, majani mawili matatu ya chini yatageuka njano, utaonekana kama umekasirika na wewe. Hiyo ni kawaida. Shida inakuja kwenye kile tunachofanya baada ya kuuona umelegea, na kwa ninavyoona kwa watu wanaoniletea mimea yao, mingi haifi kwa kuhamishwa, inakufa kwa huduma, inakufa kwa maji juu ya maji na mbolea juu ya mbolea na kuhamishwa tena na tena kabla haijatulia, na yote hayo yanafanywa na mtu anayeupenda mmea wake kwa dhati kabisa.

Mnajua inavyokwenda. Mtu anapita pale kwenye vitalu vya barabarani njia ya kwenda eapoti, anaona mmea umenawiri, majani yanang'aa, bei inaongeleka, anabeba. Akifika nyumbani siku hiyo hiyo anachana kiriba, anautia kwenye chungu kikubwa kizuri alichokinunua maalumu, anashindilia udongo, anamwagilia mpaka maji yanatiririka sakafuni, anauweka dirishani wageni wauone. Siku mbili tatu mbele umelala. Anaongeza maji. Jani la chini linakuwa njano, anampigia shoga yake simu, shoga anamwambia huo una njaa, tia yuria. Anatia kijiko. Mwisho wa mwezi mmea uko jalalani na mama wa watu anasema mimi sina mkono wa maua. Jamani, mkono wako hauna kasoro, hukuambiwa tu kinachoendelea kule chini kwenye udongo, na leo nataka tukione.

Mzizi ule unaouona kwa macho, mnene, mweupe, kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea na kupitisha maji. Wanaoyanyonya hasa maji kutoka kwenye udongo ni vinyweleo, vijinywele vyembamba mno vilivyo karibu na ncha za mizizi midogo, vimejibana katikati ya chembe za udongo, na uhai wake ni mfupi, mmea unavitengeneza vipya kila wakati kadiri ncha ya mzizi inavyosogea mbele. Sasa ukiung'oa mmea kwenye kiriba, hata ufanye taratibu namna gani, vinyweleo vingi vinakatika. Lakini majani juu hayajapungua, yako yale yale na ukubwa ule ule, na yanaendelea kutoa maji hewani kupitia vitundu vidogo sana ambavyo vingi viko upande wa chini wa jani. Juu maji yanatoka, chini hayaingii. Ndo maana mmea unaweza kuwa umelegea kabisa wakati udongo umelowa chapachapa, maji yapo, wa kuyanyonya hayupo.

Ukimwaga maji mengine hapo unafanya nini? Mizizi inahitaji oksijeni, na oksijeni yake inaipata kwenye vile vipenyo vya hewa vilivyo ndani ya udongo. Ukivijaza maji vikabaki vimejaa siku zote, mizizi michache iliyobaki inakosa hewa, inadhoofika, halafu vinaingia vimelea vya kuozesha, kuna mmoja unaitwa Pythium, huo unapenda udongo uliotuama maji, unasafiri kwenye maji hayo hayo. Mizizi inaoza, mmea unalegea zaidi, wewe unaona kiu, unaongeza maji. Ndo unazunguka hivyo mpaka umekufa.

Wakulima wa mpunga mliopo hapa, wa Magu, Misungwi, Sengerema, hili mnalijua toka utotoni. Miche ikitolewa kitaluni ikapandikizwa kwenye jaruba, siku za mwanzo inakuwa ya njano, imelala, mtu asiyejua akipita anasema shamba limekwisha. Mwenye shamba anapita anaenda zake, hana wasiwasi, anajua inatafuta mizizi, wiki ikiisha au ikizidi kidogo mnasema tayari umeshika, na kijani kinarudi chenyewe. Mmea wa sebuleni nao unatakiwa ushike. Tofauti ni mbili tu, huu unachukua muda mrefu zaidi, wiki mbili mpaka sita hivi, na mpunga unapenda kusimama kwenye maji, huu haupendi hata kidogo.

Sasa dada yangu uliyekaa hapo mbele, naomba huo mmea wako uje hapa mezani, na wa nyuma sogeeni, hii ni ya kuona kwa karibu.

Hii ni Dieffenbachia, mnaijua, majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, asili yake ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na ya Kusini lakini sasa iko kila sebule hapa Mwanza. Navaa glavu kwanza, na nyie mvae, maana utomvu wake una vifuwele vidogo vikali kama sindano, ukigusa ngozi unawasha, na mtoto akitafuna jani ulimi na koo vinaweza kuvimba vibaya. Wenye watoto wa kutambaa wekeni juu, tafadhalini sana.

Dada anasema aliuhamisha wiki tatu zilizopita na anamwagilia kila asubuhi. Haya, kabla sijautoa nauinua tu, kwa mkono mmoja. Mzito. Chungu cha ukubwa huu chenye udongo wenye afya hakiwi kizito hivi, uzito huu ni maji. Halafu nachukua kijiti cha mshikaki, nakichomeka mpaka chini pembeni kabisa mwa chungu, nasubiri kidogo, nachomoa. Angalieni, nusu ya chini imebadilika rangi na tope limeganda, juu pakavu. Kwa hiyo aliyekuwa anapima kwa kugusa juu anasema pakavu, anamwagilia, kumbe chini ni bwawa. Kijiti hiki ndo kipimo bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia na kinapatikana kwa kila mchoma mishkaki.

Sasa nautoa. Naulaza, nagonga pembeni, nashikilia shina chini karibu na udongo, sivuti majani. Haya. Mnaona eeh? Donge la kiriba bado lina umbo la kiriba. Katikati udongo ni mwekundu mwepesi wa kule kitaluni, na mizizi imezunguka duara chini kwa sababu ilikuwa imekosa pa kwenda, na nje yake huu mweusi ni udongo wa mbuga, ule wa bondeni, unaonata. Kati ya udongo huu na huu mizizi haijavuka kabisa. Nashika mzizi mmoja huu wa chini, nauvuta taratibu kwa vidole viwili, ganda la nje linachubuka lote linabaki mkononi mwangu na katikati kimebaki kiuzi. Huo umeoza. Na harufu, wa mbele mnaisikia, ni ya matope yaliyotuama. Sasa shikeni huu wa juu, mweupe, mgumu, ukiupinda unavunjika kwa sauti. Huo uko hai. Na ipo mingi tu ya namna hii, mmea wa dada haujafa, una mizizi ya kuanzia.

Kwa hiyo huu, kwa sababu umeoza, tunauhamisha tena. Lakini nisikilizeni vizuri hapa, kama mmea umelegea tu na mizizi haijaoza, hakuna harufu, shina ni gumu, USIUTOE. Kila ukiutoa kuangalia unakata vinyweleo vilivyokuwa vimeanza upya, unaurudisha siku ya kwanza. Unautoa pale tu unaposikia harufu, au shina limekuwa laini chini, au udongo unakaa wiki nzima bila kukauka wakati mmea unazidi kuporomoka.

Mkasi wangu nimeufuta kwa spiriti, kama huna spiriti jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa inafaa, halafu unaufuta ukauke. Nakata kila kilicho laini na cheusi mpaka nifike panapokuwa peupe na pagumu. Nafumua kidogo hii mizizi ya duara kwa vidole, na udongo wa mbuga nausuuza utoke. Mzima wa katikati siugusi, sina sababu ya kuufumua wote.

Majani je? Hapa watu wengi wanakata sana, wanasema mizizi imepungua basi na majani yapungue. Mimi nakata jani lililokufa au lililooza tu. Jani la kijani hata kama limeinama linatengeneza chakula ambacho ndicho kitakachojenga mizizi mipya, na kwenye ncha za juu zinazochipua ndo inakotoka homoni inayoiambia mizizi iote. Lile linalogeuka njano pole pole nalo liache mpaka likauke lenyewe, mmea unavuta virutubisho kutoka kwenye jani la zamani unapeleka kwenye chipukizi.

Tuje kwenye chungu. Dada aliuweka kwenye chungu ambacho mizizi haifiki hata robo yake. Udongo ambao hauna mizizi ndani yake hauna wa kuyanywa maji, unabaki umelowa. Ukihamisha chukua chungu kilichozidi donge la mizizi kwa vidole viwili tu kila upande, na kama mizizi imekatwa sana kama hii tunarudi kwenye kidogo, hata kile kile cha mwanzo, hamna aibu. Na kiwe na matundu chini. Vile vyungu vya kauri vya kupendeza visivyo na tundu tumieni kama vazi la nje, mmea ukae kwenye chombo chake chenye matundu ndani yake, ukimwagilia unautoa, unachuruzika, unaurudisha.

Na sasa naomba nigombane kidogo na jiji letu. Huku kwetu mawe hayana thamani, tunajenga juu ya mawe, tunaanika dagaa juu ya mawe, basi kila mtu akipanda maua anaanza na kokoto chini ya chungu, anasema ni za kuchuja maji. Kokoto hazichuji. Maji yakiwa ndani ya udongo wenye chembe ndogo hayashuki kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ule wa juu yake ujae kabisa, yanang'ang'ania pale pale mpakani. Kwa hiyo ulichofanya ni kulipandisha lile tope lililokuwa chini kabisa, sasa liko katikati, karibu zaidi na mizizi, na umeipunguzia mizizi nafasi. Ukitaka udongo usishike maji, badilisha udongo wote toka juu mpaka chini. Juu ya tundu weka tu kipande cha wavu wa mbu uliochakaa ili udongo usimwagike.

Udongo wenyewe huku tunao wa kutosha kwa bei ya bure. Wazee wetu wa Kisukuma walishaupanga zamani, ule wa kichanga wa miinukoni wanauita luseni, mweusi wa bondeni ni mbuga, na kila mmoja walijua unafaa zao gani. Kwa chungu, mbuga peke yake ni kifo, luseni peke yake inapitisha maji haraka mno na haina chakula. Mimi nachanganya sehemu mbili za mboji iliyooza sawasawa, isiyo na joto wala harufu, sehemu moja ya mchanga mkubwa mkubwa, na sehemu moja ya pumba za mpunga. Wenzetu wa Ulaya wananunua vile vijiwe vyeupe vyepesi kwa hela nyingi ili udongo uwe na hewa, sisi tuna maganda ya mpunga yanarundikana kwenye kila mashine ya kukoboa. Ukiyachoma yakawa meusi kabla hayajawa majivu ni bora zaidi. Chenga za mkaa zilizochekechwa vumbi likatoka nazo zinasaidia. Na mchanga wa ziwani msiuogope, maji ya ziwa letu ni baridi sio ya chumvi, ila chagueni ule mkubwa, ule laini unaganda.

Nauweka hapa, kina kile kile ulichokuwa, shina lisizame. Najaza, nagonga chungu mezani udongo ukae, sishindilii kwa ngumi. Nausimamisha na kijiti kwa sababu mizizi ni michache. Kwa kawaida ukimaliza kuhamisha mmea mzima unamwagilia mara moja vizuri mpaka yatoke chini, udongo ukumbatie mizizi, halafu unaacha. Huu uliotoka kukatwa kuoza mimi naweka maji kidogo tu, mchanganyiko wenyewe una unyevu, na nayasubirisha mengi mpaka vidonda vikauke.

Baada ya hapo kazi kubwa ni mahali pa kuuweka, na hapa ndo ninaomba msizifuate video za YouTube neno kwa neno. Wanaosema subiri majira ya kuchipua ndo uhamishe, wanasema hivyo kwa sababu kwao kuna baridi na siku fupi, mmea unalala. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, mchana wetu una urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima, mmea haulali, unaweza kuhamisha mwezi wowote. Ila kwangu miezi mibaya ni ya kiangazi kikavu, Juni mpaka Agosti, na mizuri ni ile ya mvua, Machi na Aprili au Oktoba na kuendelea mpaka Desemba, kwa sababu hewa ina unyevu na jani halipotezi maji kwa kasi.

Vile vile dirisha. Wanakuambia weka dirisha la kusini ndo lenye mwanga. Kwao. Hapa Mwanza jua la Juni limeegemea kaskazini, linaingia madirisha ya kaskazini, na Desemba limeegemea kusini, linaingia madirisha ya kusini. Mmea uliokaa vizuri miezi yote unaweza ghafla kuanza kuungua na wewe hujagusa kitu, jua ndo limehama. Mmea ambao haujashika unataka mwanga mwingi lakini jua lisiugonge, yaani uweze kusoma gazeti hapo bila kuwasha taa, ila ukiweka mkono kivuli chake kiwe hafifu. Mita moja au mbili kutoka dirishani, au nyuma ya pazia jepesi. Jua la magharibi la saa tisa saa kumi usilijaribu kabisa. Na gizani napo sio, wengine wanauficha stoo eti upumzike, bila mwanga hauna nguvu ya kujenga mizizi.

Halafu upepo. Mnaokaa Capri Point, Kirumba, Igombe, wote mnaotazama maji, mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko ziwa na upepo unatoka ziwani kuja kwetu, alasiri unapiga mapazia mpaka yanaruka. Sisi tunaufurahia, jani lenye mizizi iliyokatika linakaushwa nao. Usiuweke kwenye njia ya upepo huo, wala mbele ya feni, wala chini ya eisii.

Kama umelegea sana utengenezee hewa yenye unyevu. Lile chupa kubwa la maji ya kunywa kata kitako, ufunike mmea mdogo. Mkubwa fanya kihema cha nailoni angavu ile ya kuuzwa kwa mita, juu ya vijiti, isigusane na majani. Kila siku fungua dakika chache hewa ibadilike, na usikiweke juani hata kwa nusu saa, utaupika. Majani yakisimama, anza kufungua muda mrefu zaidi kila siku mpaka uondoe, usiondoe ghafla. Kunyunyizia na spreya peke yake hakusaidii sana, unyevu ule unakauka muda si mrefu. Wengine mnaweka sahani ya maji chini, sawa, ila chungu kikae juu ya vijiwe kisiguse maji, na maji yamwagwe kila baada ya siku mbili, mbu tulionao wanatosha.

Kumwagilia sasa. Achaneni na ratiba. Hakuna kila asubuhi, hakuna kila Jumatatu. Kijiti cha mshikaki kikitoka kikavu mpaka katikati, mwagilia mpaka yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, basi. Kikitoka na tope, ondoka hapo, nenda kafanye mengine. Maji ya bomba yaacheni kwenye ndoo usiku kucha, yanapata joto la chumba na klorini inapungua.

Na ukitaka kujua kama mmea unapona au unakwisha, uangalie alfajiri, usiuangalie alasiri. Ukiwa umelegea saa nane mchana lakini asubuhi umesimama, mizizi inafanya kazi, haijatosha tu, endelea hivyo hivyo. Ukiamka asubuhi umelala vile vile, na jana vile vile, hapo kagua kijiti, kagua shina, nusa.

Mama mmoja hapo ameuliza mbolea aweke lini. Mama, mpaka uone jani jipya limefunguka vizuri, na hata hapo subiri kama wiki sita toka siku ya kuhamisha. Mbolea ni chumvi, ukiiweka nyingi kwenye udongo inazuia maji kuingia kwenye mzizi na inaweza kuyavuta yatoke, mmea unakauka ukiwa majini. Yuria asilimia 46 ni naitrojeni tupu, ni ya shamba, kijiko kimoja kwenye chungu cha lita tatu ni sumu. Samadi ya kuku mbichi ndo kabisa, inatoa amonia inaunguza mizizi, iache ioze miezi kadhaa. Nikija kuanza naweka nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na udongo uwe umelowa kwanza.

Kaka wa nyuma anauliza kuhusu ile zizi planti, ile yenye vijani vinene vinavyong'aa, ameihamisha miezi miwili haijafanya chochote. Kaka, hiyo ni ya kwetu, jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas, inaota yenyewe Afrika Mashariki toka Kenya, Tanzania, kushuka mpaka Afrika Kusini, na imezoea kiangazi. Chini ina viazi vinavyohifadhi maji. Miezi miwili kimya kwake ni kawaida kabisa, ina maana inajaza viazi. Usiimwagilie kwa huruma, hiyo inaweza kukaa wiki tatu bila maji na isijue kama umesahau. Ikianza njano mashina mengi kwa pamoja hapo ndo ujue viazi vinaoza.

Na kuna dada kauliza, kama mizizi yote imeoza je? Hapo tunaokoa kipande. Dieffenbachia, Monstera, mimea ile ya kutambaa, vyote vinatoa mizizi kwenye vifundo vya shina. Kata juu ya palipooza, hakikisha shina ndani ni jeupe au kijani bila doa la kahawia, kiwe na kifundo kimoja au viwili, punguza jani libaki moja au mawili, weka kwenye glasi ya maji kifundo kizame na jani lisizame, badilisha maji kila siku mbili tatu. Mizizi ikifika urefu wa kidole unapanda kwenye chungu kidogo, na huo mmea mpya nao utalegea kidogo, maana mizizi ya majini inabidi izoee udongo, kwa hiyo unarudi kwenye kivuli, kihema na kijiti.

Pumba za mpunga nimeleta magunia mawili, yako hapo nje kwenye toroli, zimeshachomwa, kila mtu achukue za chungu kimoja au viwili ili zituenee. Waliokuja na mimea yao tupange foleni hapa upande wa dirisha, tuanze na yenye harufu, ile iliyolegea tu inaweza kusubiri.